Bukoba hadi Mtwara kwa ndege: kilomita 1,360, na bado ni safari ya siku nzima

Dada mmoja wa Bukoba ameniandikia hivi:

"Mdogo wangu anaolewa Mtwara siku ya Jumamosi, ndoa ni saa 8 mchana. Nimeingia kwenye tovuti moja ya kupima umbali, ikaniambia Bukoba hadi Mtwara ni kilomita 1,360 na ndege inatumia masaa 2 na dakika 11. Nikaona tukitoka asubuhi ya siku hiyohiyo tutawahi. Nimekwenda kwa wakala wa tiketi, yeye anasema safari itatumalizia siku nzima, na huenda tukalala Dar. Nani anasema kweli? Nasafiri na mama, ana miaka 74 na magoti yanamsumbua."

Dada yangu, wote wawili wamesema kweli, ila wakala ndiye aliyejibu ulichouliza. Kwanza nikuondolee wasiwasi: msisafiri Jumamosi. Ondokeni Alhamisi. Mkishindwa kabisa, Ijumaa kwa ndege ya mapema kuliko zote mtakayoipata, mkijua kwamba hapo mnacheza na bahati. Nimefanya kazi ya kupanga safari na mizigo ya ndege kwa miaka 19, na nimewaona watu wengi wakilia kwenye kaunta kwa sababu ya hesabu kama hiyo uliyopewa na tovuti. Sipendi wewe na mama muwe miongoni mwao. Hebu tuifungue hesabu yenyewe, uone muda unaliwa wapi.

Tuanze na hizo kilomita. Ni sahihi, na unaweza kuzihakiki mwenyewe kwa kalamu. Kiwanja cha Bukoba kiko nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, cha Mtwara nyuzi 10.3. Tofauti ni nyuzi 9, na kila nyuzi moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo umeshuka kusini kilomita 1,000. Kwenda mashariki, Bukoba iko kwenye nyuzi 31.8 na Mtwara 40.2, tofauti ni nyuzi 8.4, na kwa ukanda wetu nyuzi hizo zina kama kilomita 110 kila moja, jumla 920. Sasa una pembetatu mraba ile ya sekondari: 1,000 mara 1,000, jumlisha 920 mara 920, tafuta kipeuo cha pili. Unapata 1,359. Kompyuta inayozingatia umbo la dunia inakupa hiyohiyo 1,360. Ukikuta mahali pengine wameandika 845, hizo ni maili za nchi kavu. Ukikuta 735, hizo ni maili za baharini, ambazo ndizo marubani wanazitumia. Umbali ni uleule.

Ukiuchora mstari huo kwenye ramani utaona jambo lililonifurahisha hata mimi nilipouchora mara ya kwanza. Unatoka Bukoba unakata Ziwa Victoria, unapita karibu kabisa na jiji la Mwanza, unaiacha Singida kidogo upande wa magharibi, unafika Kilosa, unapita juu ya bwawa la Nyerere pale Rufiji, unatokea pwani karibu na Lindi, halafu Mtwara. Ni kama nchi nzima imekatwa kona kwa kona. Hakuna ndege ya abiria inayofuata mstari huo moja kwa moja. Abiria wa Bukoba kwenda Mtwara ni wachache mno kwa siku kuweza kujaza ndege, na ndege isiyojaa hailipi mafuta yake. Kwa hiyo wote hupitishwa Dar es Salaam.

Hapo ndipo watu wengi hudhani muda unapotelea: "Tunazungushwa Dar." Lakini pima. Bukoba hadi Dar ni kama kilomita 1,025. Dar hadi Mtwara ni 400. Jumla 1,425. Mzunguko wote wa kupitia Dar umekuongezea kilomita 65 tu, na ndege hata ile ya pangaboi, yenye mapanga yanayozunguka nje, inazimaliza kwa dakika sita au saba. Kuna kinachoshangaza zaidi. Ndege nyingine za Bukoba hupitia Mwanza kwanza. Bukoba hadi Mwanza ni kilomita 175, Mwanza hadi Dar 850 na ushee. Ukijumlisha, umezidisha kama kilomita mbili juu ya njia ya moja kwa moja. Kilomita mbili! Lakini kituo hicho cha Mwanza kitakulia dakika 45 hadi saa nzima.

Kwa nini? Kwa sababu ndege hailipi muda mwingi kwa kwenda mbali. Inalipa kwa kupaa na kutua. Hili ndilo ambalo tovuti yako haikukwambia. Hesabu nyingi za namna ile huchukua kasi ya kilomita 805 kwa saa, zinagawanya umbali, kisha zinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Gawanya 1,360 kwa 805, unapata saa moja na dakika 41. Ongeza 30, unapata masaa 2 na dakika 11. Ndiyo namba uliyopewa, mpaka dakika ya mwisho. Haikuangalia kama ndege hiyo ipo, haikuangalia ni ndege ya aina gani, haikuangalia kiwanja.

Na kiwanja ndicho kinachoamua ndege. Njia ya kurukia ya Bukoba haivuki kilomita moja na nusu, upande mmoja ni ziwa, upande mwingine ni mji na vilima vyake. Jeti kama Airbus A220, ambayo ndiyo yenye kasi ya kilomita 800 na kitu, haitui pale. Zinazotua ni pangaboi: Dash 8-Q400 yenye viti 76, au ATR. Q400 ikiwa imetulia angani inakwenda kama kilomita 650 kwa saa, ATR kati ya 500 na 550. Mtwara njia imerefushwa hadi mita 2,800 na inaweza kupokea ndege kubwa zaidi, lakini hilo halimsaidii anayeanzia Bukoba. Safari hupimwa kwa kiwanja chake kifupi.

Sasa chukua kipande cha Bukoba hadi Mwanza, kilomita 175. Kwa kasi ya 650 ungesema dakika 16. Kwenye ratiba utakuta dakika 40 au 45. Hatujakosea. Sisi tunapima kutoka kabari hadi kabari. Kabari ni vile vipande vya mpira au mbao vinavyowekwa mbele na nyuma ya magurudumu ndege ikiwa imesimama. Siku mkiwa mmekaa kiwanjani mtazame kijana wa fulana yenye mistari inayong'aa akiinama kuziondoa na kuzinyanyua juu rubani azione. Saa yetu inaanza hapo. Ndege inawasha injini, inatembea. Katika viwanja vingi vya mikoani hakuna barabara ya pembeni, kwa hiyo inaingia kwenye njia ileile ya kurukia, inatembea mpaka mwisho kabisa, inageuka, ndipo inaomba ruhusa na kuondoka. Ikipaa, inapanda kwa kasi ndogo kuliko ile ya angani. Kabla haijatulia vizuri inaanza kushuka, na kwenye kushuka inapunguza mwendo tena, inajipanga sawa na njia, inatua, inatembea mpaka maegesho, kijana mwingine anaweka kabari. Hiyo 650 unayoisoma kwenye vitabu inafikiwa kwa dakika chache tu katikati.

Kwa hiyo kwa Q400, Bukoba hadi Dar bila kusimama weka masaa 2 na dakika 10. Ikipitia Mwanza weka masaa 3. Kwa ATR ongeza robo saa hivi. Dar hadi Mtwara weka saa moja na dakika 5 au 10. Kukaa ndani ya ndege peke yake kumeshafika masaa 3 na robo mpaka 4 na nusu, na bado hatujagusa kusubiri.

Upepo nao una sehemu yake, ingawa ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kule juu, kwenye futi elfu ishirini na kitu, upepo wa ukanda wetu mara nyingi hutoka mashariki. Kwenda Dar mtakuwa mnaukabili, kurudi utawasukuma. Upepo wa kilomita 37 kwa saa unafanya tofauti ya dakika kama 11 kati ya kwenda na kurudi kwenye kipande cha Bukoba na Dar. Ndiyo maana tiketi ya kurudi inaweza kuonyesha muda tofauti kidogo. Wakala hajakuibia.

Kinachokula siku yako hasa ni vitu viwili, na vyote viko chini: hali ya hewa ya ziwani, na kuunganisha ndege Dar.

Wewe ni mtu wa Bukoba, mvua ya asubuhi unaijua kuliko mimi. Usiku upepo wa nchi kavu hutelemkia ziwani kutoka pande zote, hewa yenye unyevu inakutana katikati ya ziwa na kupanda, radi zinajijenga wakati watu wamelala. Alfajiri upepo wa mashariki unazisukuma zije upande wa magharibi, yaani kwenu. Ndiyo maana Mwanza kunaweza kuwa kweupe saa 2 asubuhi na Bukoba mlima hauonekani. Ndege mnayoisubiri asubuhi haijalala Bukoba, mara nyingi inatoka Dar. Ikikuta wingu limekaa juu ya njia, rubani atazunguka hewani akisubiri, na ikishindikana atakwenda kutua Mwanza mpaka mambo yatulie. Kila ndege hubeba mafuta ya kuifikisha, ya kusubiri, na ya kwenda kiwanja mbadala, kwa sababu hiyohiyo. Mtakaa pale kiwanjani mkiangalia ziwa, na ndege yenu imekaa Mwanza.

Siku hiyo ikitokea, usikasirike, na watu wakianza kufoka wewe usiwaunge mkono. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikiwa inajaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ndani walikuwamo watu 43. Walifariki 19. Wavuvi ndio waliofika kwanza. Sisemi haya kukutia hofu, usafiri huu bado ni salama kuliko wa barabara. Nasema ili ujue kwamba rubani anayegeuza kwenda Mwanza amefanya uamuzi ambao sisi tuliokaa nyuma ya meza tunauheshimu sana. Dakika 90 za kuchelewa hazina thamani yoyote mbele ya hilo. Ila harusi haitasubiri, ndiyo maana nakuomba uache nafasi kwenye ratiba badala ya kumwachia rubani presha.

Bukoba kimezoeleka kuwa kiwanja cha mchana. Maana yake asubuhi ikiharibika hakuna usiku wa kufidia.

Tuje Dar. Safari za ndani pale JNIA, yaani kiwanja cha Julius Nyerere, ni jengo la pili, hamhitaji kwenda jengo la tatu, hata ukiambiwa na dereva wa teksi kwamba ndilo jipya. Hapa swali kubwa kuliko yote ni moja: tiketi yako ni moja au ni mbili? Ukiwa na tiketi moja ya Bukoba hadi Mtwara kwa shirika moja, mzigo unaweza kuunganishwa, na ndege ya kwanza ikichelewa, kukupeleka Mtwara ni jukumu lao. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, moja ya Bukoba hadi Dar na nyingine ya Dar hadi Mtwara, hasa kwa mashirika mawili, kila mmoja anahesabu safari yake. Wa kwanza akikuchelewesha, wa pili anaandika kwamba abiria hakutokea. Nauli imekwenda. Wakati mwingine tiketi mbili ni nafuu kwa elfu kadhaa, na mtu anaona amepata. Mwambie wakala wazi: "Nataka safari yote kwenye tiketi moja, namba moja ya kumbukumbu." Akikujibu kwamba haiwezekani kwa siku hiyo, basi usikubali kuunganisha kwa chini ya masaa manne. Tena kwa harusi, laleni Dar.

Nakufanyia mfano, siyo ratiba ya kweli. Tuseme ndege ya Bukoba inaondoka saa 4 asubuhi. Kiwanja kiko mjini, hata hivyo na mama toka nyumbani saa 1 na nusu. Mnafika Dar saa 6 na dakika 10 mchana. Mzigo unatoka saa 6 na nusu au saa 7 kasorobo. Ndege ya Mtwara, tuseme, ni saa 10 jioni. Mnatua saa 11 na dakika 5, mzigo, bajaji, mnafika nyumbani kwa wenyeji karibu saa 12. Ni masaa kumi na nusu mlango kwa mlango, na hewani mmekaa masaa matatu tu. Hiyo ni siku nzuri, siku ambayo hakuna kitu kilichoharibika. Mtwara haina ndege nyingi kwa siku kama Mwanza ilivyo, kwa hiyo mkiikosa ya jioni, inayofuata ni kesho yake, na kesho yake inaweza kuwa imejaa. Wakati wa msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, viti vya Mtwara huwahiwa mapema mno.

Kuna kosa jingine dogo ambalo limewaharibia watu safari kuliko radi. Tiketi inaandika saa kwa mtindo wa masaa 24. Ikiandika 10:00, hiyo ni saa 4 asubuhi. Ikiandika 16:00 ni saa 10 jioni. Niliwahi kumpokea bibi mmoja kaunta, amevaa kitenge kipya kabisa, mkononi ana kikapu kimefunikwa kwa khanga, saa 5 na nusu asubuhi. Amewahi, amefurahi. Tiketi yake ilikuwa imeandikwa 06:10. Mjukuu wake alimsomea "saa sita na dakika kumi", naye akaja kwa ndege ya saa 6 mchana. Ndege yake ilikuwa imeondoka saa 12 na dakika 10 alfajiri. Nilimtafutia kiti cha kesho yake, lakini sura yake ile sijaisahau. Kwa hiyo chukua kalamu, pembeni ya kila saa iliyoko kwenye tiketi yako andika saa ya Kiswahili, na neno asubuhi, mchana au jioni. Fanya hivyo leo.

Kuhusu mama. Wakati wa kukata tiketi, omba kiti cha magurudumu kwa vituo vyote, Bukoba, Dar na Mtwara. Hailipiwi, ila isiposemwa mapema mtasubiri wengine wamalize. Bukoba hakuna daraja la kuingilia ndege, atapanda ngazi kwa miguu yake au kwa kushikwa. Uliza ndege ni aina gani, kwa sababu kwa mtu wa magoti hii ina maana: ATR abiria huingilia mlango wa nyuma, kwa hiyo mwombee kiti cha safu za nyuma, Q400 mlango wenye ngazi zake uko mbele kushoto, mwombee cha mbele. Ataepuka kutembea kwenye kijia chembamba kile akishikilia viti. Dawa zake za kila siku, kitambulisho chake na nguo ya harusi viwe kwenye mkoba wa mkononi. Nguo ya harusi, dada, narudia. Usiiweke kwenye begi kubwa.

Nina sababu. Bukoba iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya Mtwara, ambayo iko mita mia na kitu tu. Hewa nyepesi inalibeba bawa kwa nguvu ndogo zaidi, na injini nayo inapata nguvu pungufu. Ongeza njia fupi, ongeza jua la mchana au lami iliyolowa, na siku nyingine ndege yenye viti vyote vimejaa haiwezi kuondoka na mizigo yote. Mpangaji anafanya hesabu, anaona kilo 300 zimezidi, na kinachobaki ni mabegi, yanafuata na ndege inayokuja. Nimeifanya hesabu hiyo mara nyingi, na kila mara nilijua kuna mtu atafika ukumbini na gauni la kuazima. Najua hamuwezi kwenda Mtwara mikono mitupu, kahawa na senene lazima viende. Senene wakaange wakauke vizuri, wafungeni kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana na utepe, kahawa iwekeni kwenye begi la kukabidhi. Ndizi za mkungu mzima ziacheni. Kila kilo mnayoipunguza inaongeza uhakika wa begi lenu kwenda nanyi.

Umeniuliza ndege, lakini nitagusa njia nyingine mbili kwa kuwa familia itaziuliza. Barabara yote, Bukoba hadi Dar halafu Mtwara, ni karibu kilomita 2,000. Ni siku mbili za basi, na kwa magoti ya mama nasema hapana. Nyingine ina akili zaidi: meli ya usiku kutoka Bukoba hadi Mwanza, halafu ndege ya Mwanza. Mwanza inapokea jeti na ina ndege nyingi zaidi za Dar kwa siku, na mkitua na meli asubuhi mmeshavuka lile wingu la ziwani linalosumbua Bukoba. Mwanza hadi Dar kwa jeti ni kama saa moja na nusu. Kama viti vya Bukoba vimekwisha wiki hiyo, chukueni njia hiyo bila kusita, ila mmpatie mama chumba chenye kitanda, siyo kiti.

Kwa hiyo mpango ningeupanga hivi kama angekuwa mama yangu. Alhamisi, Bukoba hadi Dar, ndege yoyote ya siku hiyo. Laleni Dar kwa ndugu au nyumba ya wageni iliyo karibu na kiwanja, siyo mbali mjini, maana foleni ya Barabara ya Nyerere asubuhi nayo ni safari. Ijumaa, Dar hadi Mtwara, ndege ya asubuhi ikiwepo. Mtafika mapema, mama atanyoosha miguu, atamwona bi harusi kabla ya shughuli, na ikitokea Alhamisi Bukoba imefungwa na mvua bado mnayo Ijumaa nzima ya kujitetea. Mkitaka kurudi Jumapili, jipeni Jumatatu.

Kipande cha Dar hadi Mtwara ni kizuri kukitazama, kwa hiyo mwombee mama dirisha. Ndege inaelekea kusini sambamba na pwani. Akikaa kushoto, kama dakika ishirini baada ya kupaa na mbingu ikiwa safi, ataiona Mafia na maji yake ya kijani. Akikaa kulia ataona Rufiji inavyomwaga tope lake baharini kwa midomo mingi, na baadaye Kilwa. Alikozaliwa yeye ziwa lina ng'ambo; mwonyeshe maji yasiyo na ng'ambo. Na mfikishie shikamoo yangu.